Zamu Yangu Kwenye Kitufe

4 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kwamba kile kikohozi chako kimepata pa kwenda. Sisi huku tunaendelea vizuri. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ukimwambia akae chini anakuuliza ni nani kazeeka.

Habari kubwa ni kwamba nimebadilisha kazi. Sipimi tena damu za watu. Nimehamia maabara ya chini kabisa hapahapa hospitalini, chumba kisicho na dirisha, ambako tunapima umeme wa ubongo. Usicheke. Ubongo una umeme, mdogo sana, hauwezi kuwasha hata taa ya tochi, lakini upo.

Kazi yenyewe iko hivi. Mtu anakaa kwenye kiti. Namvika kofia ya kitambaa yenye nyaya thelathini na mbili, namtia mafuta mazito kwenye kila tundu, nywele zake zinaharibika na lawama ni zangu. Kisha nambandika vijisahani viwili mkononi, chini kidogo ya kiwiko, vya kusikiliza misuli. Mbele yake kuna taa na kitufe. Awamu ya kwanza, taa ikiwaka anabonyeza. Awamu ya pili, taa ikiwaka anabonyeza kwa mawazo tu, mkono umelala mezani. Awamu ya tatu anaitazama taa bila kufanya wala kuwaza lolote.

Kilichonishangaza, mjomba, ni kwamba kwenye ubongo ile ya kwanza na ya pili zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Pale panapoamrisha mkono panaamka, iwe umebonyeza kweli au umewaza tu. Misuli ndiyo inayojua tofauti. Kwa aliyebonyeza, mstari wa misuli unaruka juu. Kwa aliyewaza, umenyooka kama uzi.

Sasa tunatafuta watu waliovuka miaka hamsini na tano. Wanakaa siku mbili, hospitali inawapa kitanda. Nimekufikiria wewe. Si lazima.

Mwana wa dada yako,
Bi Maswali (bado ndilo jina langu?)


27 Februari

Bi Maswali,

Marahaba, marahaba sana. Jina ni lako mpaka utakapoacha kuuliza, na siioni siku hiyo.

Kikohozi kimehama, kimekwenda kwa fundi saa wa kibanda cha pili. Huyohuyo alipoiona barua yako alisema siku hizi mtu akiletewa bahasha ujue ni ya mahakamani. Akanishauri ninunue simu kama wenzangu. Nikamwambia masikio yangu niliyaacha kiwandani, simu nitaisikiliza kwa pua?

Viatu vinakuja. Wiki iliyopita mzee mmoja kaniletea kiatu cha kushoto tu. Nikamwuliza cha kulia kiko wapi, akasema hicho hakina tatizo. Nimemshonea, kaondoka kavaa kimoja kipya na kimoja cha zamani, anatembea kama watu wawili.

Goti la mama yako lisifanyiwe mzaha, mwambie apunguze ngazi. Nisalimie sana. Naona hukuandika kama naye kanisalimia. Labda karatasi iliisha.

Hiyo ya maabara nimeisoma. Hongera kwa kazi. Kofia hainifai, kichwa changu ni kikubwa na nywele zilizobaki nazihesabu kwa majina.

Mjomba wako,
Fundi

Nimekumbuka: hicho kitufe chenu kina rangi gani?


16 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru kusikia kikohozi kimehamia kwa jirani, ingawa si vizuri kushukuru. Mama kaacha kupanda ngazi kwa siku nne, kisha kapanda mara sita kwa siku moja ili kufidia. Nilimfikishia salamu zako.

Kitufe ni chekundu. Kipana kama kifuniko cha chupa ya dawa.

Nikueleze kwa nini nilikuandikia. Mwezi wa kwanza alikuja mama mmoja mstaafu wa posta. Awamu ya kubonyeza kweli, alibonyeza vizuri, lakini mara mbili taa iliwaka na mkono wake haukutikisika. Nikamwambia umekosa mara mbili. Akakataa. Nikamwonyesha karatasi: misuli imelala, kitufe hakikuguswa, ila ubongo umeamka kama kawaida. Yule mama akaniangalia, akasema, "Binti, mimi nilikisikia kikishuka." Hakuwa anatania wala hakuwa na sababu ya kudanganya. Alikasirika mpaka akasahau mwavuli wake.

Tangu siku hiyo nakuwaza wewe.

Nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka ulisimama mlangoni kwetu na buti za kazi. Hukupiga hodi, hukusalimia. Ulisema, "Nilibonyeza." Mama hakuwa amekuuliza kitu. Mimi nilidhani unazungumzia kengele ya mlango, na nyumba yetu haikuwa na kengele.

Hakuna mtu aliyenieleza siku ile ilikwendaje. Mama nikimwuliza anatafuta kazi ya kufanya. Nieleze wewe.

Bi Maswali


3 Juni

Bi Maswali,

Marahaba. Nimechelewa. Ningeweza kusema niliumwa, na wewe kwa adabu yako ungekubali. Sikuumwa. Niliandika mara tatu, nikachana mara tatu. Huku ni wazima, fundi saa anakusalimu, hakujui lakini anakusalimu.

Haya, sikiliza.

Baba yako mimi ndiye niliyempeleka kiwandani. Tena mimi ndiye niliyemleta nyumbani kwetu kunywa chai, akamwona dada yangu, na tangu siku hiyo akaacha kunitembelea mimi. Tulikuwa tunafanya kazi kwenye mtambo wa rola mbili. Mpira mbichi unaingizwa juu vipande vipande, rola mbili za chuma zenye moto zinauvuta na kuubana, unatoka chini umetandazwa kama shuka. Hapo ndipo soli zinapokatwa. Mmoja analisha mtambo. Mwingine anasimama kwenye nguzo yenye kitufe chekundu cha kuzimia. Kazi ya mwenye kitufe ni kutazama tu, hana lingine. Tulikuwa tunabadilishana kila baada ya saa moja. Saa ile ilikuwa zamu yangu kwenye kitufe.

Ilikuwa karibu na mapumziko ya mchana. Alikuwa ananisimulia habari zako, kwamba asubuhi ile umemwuliza kwa nini kivuli hakina macho na yeye kakosa la kujibu. Mtambo ulikuwa unanguruma, kwa hiyo alikuwa akipaza sauti na kucheka kwa pamoja. Glovu ikashikwa. Mkono haukuwa umeguswa bado, ni glovu, hapa kwenye ncha ya kidole.

Nikabonyeza.

Nakwambia wewe kama ninavyojiambia mwenyewe. Niliweka kiganja. Nikasikia ubaridi wa plastiki. Nikasikia springi ikishuka, nikaisikia mpaka begani. Rola zikaendelea kuzunguka. Nikabonyeza tena. Zikaendelea. Aliyezizima ni mama mmoja wa idara ya kufungasha, alikimbia kutoka upande wa pili akashusha swichi kubwa ya ukutani. Wakati huo mkono wa baba yako ulikuwa umeingia wote.

Kitufe cha namna ile ukishakibonyeza hubaki chini mpaka ukizungushe ndipo kiinuke. Kamati ilikikuta kimeinuka. Msimamizi akakibonyeza mbele yetu, rola zikasimama palepale. Wakaniuliza, nikasema nilibonyeza. Wakauliza mara ya pili, nikasema nilibonyeza. Wakamwita mama yako, wakamwuliza kama mgonjwa alisema lolote zile siku tatu alizoishi wodini. Akasema hakutamka neno. Basi wakaandika "haikuthibitika", mimi nikaambiwa nisirudi kazini.

Tangu hapo mkono huu wa kulia haujatulia. Kitu chochote kikianza kuzunguka, pangaboi, cherehani, gurudumu la mkokoteni barabarani, kiganja kinashuka. Nakisikia kinashuka. Ndiyo maana nashona viatu kwa sindano ya mkono, na wateja wanadhani napenda ya kizamani.

Umeuliza, nimejibu. Usiniulize tena.

Mama yako anasemaje siku hizi?

Fundi


21 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kazini, chooni, mlango nimeufunga. Nakushukuru. Ni mara ya kwanza mtu ananiambia baba alikuwa akisema nini siku ile.

Mama hajambo.

Nimefikiri sana, na nadhani nina jambo la kukupunguzia mzigo. Daktari wangu, yule mkuu wa maabara, anasema ubongo hutoa amri kwanza, kisha amri inasafiri kwenda kwenye misuli, na njiani kuna mahali inaweza kuzuiwa. Ndivyo sisi sote tunavyoweza kuwaza kupiga ngumi bila kumpiga mtu. Na mtu akipatwa na hofu ya ghafla mwili unaweza kufa ganzi kabisa. Kwa hiyo inawezekana, mjomba, kwamba wewe ulibonyeza kwa upande wako wote, ukasikia kila kitu, ubaridi na springi, ila amri haikufika mkononi. Kama ni hivyo hukudanganya mtu. Hukumdanganya mama, hukuidanganya kamati.

Njoo Agosti. Siku mbili tu. Nitakuchukua kituoni mimi mwenyewe.

Bi Maswali


10 Julai

Binti,

Marahaba. Sina habari za kukupa.

Miaka ishirini na mitatu watu wamesema nyuma yangu kwamba sikubonyeza. Ilibaki mtoto wa dada yangu aje aniambie usoni, tena kwa upole, kwa maneno ya daktari. Unasema hukudanganya. Maana yake unasema sikubonyeza.

Niliiweka barua yako chini ya kopo la gundi nisiione. Jana mchana nikamwita fundi saa. Nikamwambia, washa pangaboi lako, ukae hapa mbele yangu, uutazame mkono wangu wa kulia, usipepese macho. Akaliwasha. Kiganja kikashuka kama siku zote, nikakisikia kabisa.

Nikamwuliza, "Umeona?"

Akasema, "Nimeona nini?"

"Mkono."

"Mkono umeshikilia kiatu. Hujausogeza."

Tukarudia mara nne. Mara zote nne nilibonyeza. Mara zote nne akasema mkono haujasogea. Mwishoni akaniuliza kama nimekula.

Nitakuja tarehe 12 Agosti.

Fundi


2 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama. Uliondoka alfajiri bila kuaga, nikakuta shuka umelikunja vizuri kama la hotelini.

Uliniomba nikuandikie mistari ilisema nini, bila kukupaka mafuta. Naandika.

Awamu ya kwanza, taa iliwaka mara arobaini, ukabonyeza mara arobaini. Misuli na ubongo vilikwenda pamoja. Mkono wako ni mzima, una kasi kuliko wa vijana wengine waliopita hapa. Awamu ya pili, ya kuwaza, ubongo uliamka mara arobaini, misuli ikanyamaza mara arobaini. Daktari alisema ni nadra kuona mtu anayewaza kwa nguvu namna hiyo huku mkono umelala kabisa.

Ya tatu ndiyo iliyomfanya asogeze kiti. Tulikuambia utazame taa tu, usifanye kitu, usiwaze kitu. Taa ikawaka, ubongo wako ukabonyeza. Ikawaka tena, ukabonyeza tena. Nilikuambia kwenye kipaza sauti, "Mjomba, hii ni ya kupumzika." Ukajibu, "Nimepumzika." Nami nilikuona kupitia kioo, uso umetulia, mabega yameshuka, kweli ulikuwa umepumzika. Mara zote arobaini ulibonyeza, mjomba, na sidhani kama ulijua. Misuli haikuruka hata mara moja.

Daktari akaniuliza huyu ni nani. Nikasema ni mjomba wangu, fundi viatu. Nilipomwuliza kama mistari ile inaweza kusema chochote kuhusu siku moja ya zamani, alitikisa kichwa. Mashine inaona sasa hivi tu, haioni jana ya mtu. Kwa hiyo sina cheti cha kukupa, cha kukuokoa wala cha kukuhukumu. Naomba radhi kwa ile barua ya Juni. Nilidhani nakutua mzigo.

Kuhusu ule mlo wa nyumbani kwetu, jioni baada ya vipimo. Mama alikupakulia, akageukia sinki akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Ukamwuliza, "Dada, wewe unaamini nilibonyeza?" Akasema, "Kula, kinapoa." Nilitamani kuingia chini ya meza.

Mama hajambo.

Bi Maswali


19 Septemba

Bi Maswali,

Marahaba. Nilifika salama. Mvua zimeanza, viatu vilivyoachana na soli vinapanga foleni. Fundi saa kanunua kofia ya sufu, anajiita mgonjwa wa maabara ili anichokoze.

Arobaini kwa arobaini. Nimeisoma hiyo sehemu mpaka karatasi imelainika. Kwa hiyo ndivyo ninavyoishi. Nikiwa nakula, nikiwa naongea na mteja, nikiwa nimekaa sina langu, kuna mtu ndani yangu yuko kwenye ile nguzo, anabonyeza. Hajapumzishwa tangu siku ile. Nilidhani nimestaafu.

Sina hasira na wewe tena.

Ila umeandika "mama hajambo" mara mbili sasa, ukakata. Mimi na mama yako tumelelewa kitanda kimoja, nalijua lile goti kabla yako, najua anavyosimama akiwa na neno mdomoni. Alipokuja kuchukua sahani yangu aliishika, akaiacha, akaishika tena. Hakuwa na hasira. Hasira zake nazijua, anarusha vitu.

Kuna kitu anakijua. Mwulize. Wewe ndiye unayeweza kuuliza bila kuchoka. Nina miaka sitini na moja, sina muda wa kuhurumiwa. Lolote utakaloambiwa, niandikie.

Fundi


23 Novemba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umesubiri. Mama hajambo, goti limepungua, amepata dawa ya kupaka inayonuka nyumba nzima. Mimi nimekonda kidogo, wanasema napendeza. Barua hii nimeibeba kwenye mkoba wiki saba. Nimeiandika upya mara nyingi nikitafuta maneno laini, sikuyapata, basi naandika yaliyopo.

Nilimwuliza siku ya Jumapili. Alikuwa anakunja nguo. Hakutafuta kazi nyingine kama kawaida yake, aliendelea kukunja shati lilelile, analikunjua, analikunja. Akasema baba alizungumza wodini. Siku ya pili, mchana. Alifungua macho, akamtambua, akaomba maji, akanywa kidogo kwa kijiko. Kisha mama akamwuliza, "Ilikuwaje?"

Baba akasema, "Kaka yako alinitazama tu."

Hakusema tena. Kesho yake akafariki.

Kamati ilipomwita, mama akasema mgonjwa hakutamka neno. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Wangemfunga. Nimezika mume leo, nifunge kaka kesho?" Nikamwuliza kwa nini basi hakukusamehe. Akasema kwamba kusimama na kushindwa angeweza kukusamehe, mtu anaweza kuganda. Kilichomshinda ni wewe kuja mlangoni kwake na buti zako na kumwambia uongo kabla hata hajakuuliza. Ndiyo, alitumia neno uongo. Nikamwambia habari za maabara, arobaini kwa arobaini, yule mama wa posta, pangaboi la fundi saa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliliweka lile shati chini.

Akasema, "Ina maana hajui?"

Nikasema, "Nadhani hajui, mama."

Mjomba, uliniambia niandike lolote. Hukubonyeza. Hukudanganya mtu, hilo nimeliona kwa macho yangu kwenye mistari, lakini hukubonyeza. Nasikitika. Baba alikuwa baba yangu, na wewe ni mjomba wangu wa pekee, na leo sijui niwalilie vipi nyote wawili kwa macho haya haya.

Nilimwambia mama nakuandikia. Akasema, "Andika." Baadaye, tukiwa kwenye mambo mengine kabisa, akaniuliza basi la kwenda kwako huondoka saa ngapi.

Mwanao,
Bi Maswali


14 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, usiwe na shaka tena. Najua ulituma barua mbili nyingine nikanyamaza, na kwamba ulimpigia simu fundi saa, akakwambia nipo, nakula. Kweli nilikuwa nakula. Anasimama pale mpaka nimalize.

Barua yako ilinikuta kibandani. Niliisoma nimesimama. Nikafunga kibanda saa nne asubuhi, nikakifungua siku ya tano. Siku hizo sikufanya kitu cha kusimulia. Nilikaa.

Mama yako alikuja wiki iliyopita, Jumatano, bila taarifa. Niliinua kichwa nikamwona amekaa kwenye kigoda cha wateja, mkoba magotini, anahema kwa sababu ya kile kilima. Nilikuwa na buti la mtu mkononi, sindano imeingia nusu. Hatukusalimiana.

Nikamwambia, "Sikubonyeza."

"Najua," akasema.

"Mimi sikujua."

Watu wawili walipita, mmoja akauliza viatu vyake, nikamwambia kesho.

"Hukujua kabisa?" akauliza.

"Nilikisikia kikishuka, dada. Miaka yote hiyo nilikisikia."

"Na mimi miaka yote nasema huyu anathubutuje. Anathubutuje kunitazama usoni."

"Ungeniambia alichosema."

"Ningekuambia ungeweza kuishi?"

Akaanza kulia, kwa sauti, pale sokoni mchana kweupe, mama yako ambaye hakulia hata makaburini. Fundi saa akatoka, akatutazama, akarudi ndani akazima redio. Nilitaka kumshika bega. Niliutazama mkono wangu kwanza, kuhakikisha kwamba unakwenda kweli. Ulikwenda. Nililiona bega lake likizama kidogo chini ya uzito wake.

Yuko hapa mpaka Jumapili. Amepanga upya kibanda changu bila kuniuliza, sasa sioni gundi iko wapi. Anasema uzi wangu ni mbovu. Anasema pia hajanisamehe yote, kuna yatakayochukua muda, na nisimharakishe. Nimemwambia sina haraka.

Sasa nikuambie jambo ambalo yeye sijamwambia, na sidhani kama nitamwambia.

Miaka yote hii nikiikumbuka siku ile nilikuwa naona kitufe. Wekundu wake, kiganja changu, ile plastiki baridi. Baba yako simwoni. Nasikia sauti yake ikicheka, kisha kitufe, kitufe, kitufe. Nilidhani ni kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye kitufe, nikabonyeza. Zile siku nne nilizofunga kibanda, nilikaa kwenye kiti, nikauweka mkono mezani, nikajiambia kama mlivyoniambia kule chini: usibonyeze. Nilishindwa siku ya kwanza, na ya pili. Siku ya tatu mchana mkono ukanyamaza, ule wa ndani. Nikamsikia akimaliza ile habari ya kivuli chako. Nikamwona.

Nilimwona uso mzima. Bado alikuwa na nusu ya kicheko, hakuwa amejua bado. Alinigeukia kama mtu anayekuachia nafasi umalizie neno lake. Kisha akajua. Alinitazama, nami nilikuwa namtazama. Mikono yangu yote miwili ilikuwa chini. Hakuwa na hasira, mwanangu. Uso ulikuwa wa mshangao, basi, kana kwamba nimemwambia kitu kwa lugha asiyoijua. Na kwenye jino la mbele alikuwa na pengo dogo, limekatika pembeni kwa kufungulia soda. Nilikuwa nimelisahau jino lile.

Tangu siku hiyo pangaboi la jirani linazunguka na kiganja kimetulia. Mtu wa kwenye nguzo ameondoka. Aliyebaki ni baba yako. Kila ninapoinua macho kutoka kwenye kiatu yupo, upande ule, ananitazama, nami namtazama, na hakuna kati yetu anayegeuza uso. Sitamani aondoke. Nilimkosa miaka ishirini na mitatu nikiwa nimeelekea kitufe.

Mama yako ananiita tule. Leo kapika yeye, nami nimekaa mkabala naye.

Mjomba wako